Tarakimu za RAM na Maana Yake

Wanafunzi wenzangu, kompyuta ikianza kukokota, fundi husema, "Ongeza RAM." Basi mtu hutoka Kilosa au Mikumi mpaka Morogoro mjini, fedha mfukoni, akaonyeshwa vibao viwili. Kimoja kimeandikwa PC3-12800, cha pili PC4-2400T. Asiyejua hukimbilia chenye tarakimu kubwa. Kumbe hicho cha pili ndicho chenye mbio zaidi!

Sababu ni kwamba tarakimu hizi hazihesabu kitu kimoja. RAM iitwayo DDR3-1600 hupitisha data mara milioni 1600 kwa sekunde, na kila safari huchukua biti 64, yaani baiti 8. Zidisha 1600 kwa 8, utapata megabaiti 12800 kwa sekunde. Kwa hiyo DDR3-1600 na PC3-12800 ni kitu kimoja chenye majina mawili: jina la kwanza lahesabu safari, la pili lahesabu mzigo. Lakini karatasi za vibao vingi vya DDR4 huandika PC4 kisha hesabu ya safari. PC4-2400T ina safari milioni 2400. Mzigo wake ni megabaiti 19200, na duka jingine litaiita PC4-19200. (Wenye maduka hupenda kusema "megahezi 2400". Ni mazoea tu. Saa yake hupiga mara milioni 1200, ila kila pigo hubeba safari mbili.)

Mbio peke yake hazitoshi. Tarakimu inayofuata PC ni ya kizazi, na vizazi havichangamani. Tazama Kilosa: reli ya zamani ina upana wa meta 1, na hii mpya, ambayo garimoshi la umeme lilianza kubeba abiria mwaka 2024, ni meta 1.435. Garimoshi la reli moja halipiti katika nyingine, hata likiwa na nguvu namna gani. Vivyo hivyo kibao cha PC4 hakiingii katika nafasi ya PC3. Pengo lake limekatwa mahali pengine, na hutumia volti 1.2 badala ya 1.5. Ukikilazimisha utakivunja.

Hata katika kizazi kimoja, mwendo hupangwa na aliye nyuma. Barabara kuu ikiingia Hifadhi ya Mikumi, gari la mbio na lori hupunguza mwendo pamoja kwa ajili ya wanyama. Kadhalika RAM ya 3200 ikiwekwa karibu na ya 2400, zote mbili huenda kwa 2400. Kwa kompyuta kuukuu, mimi naona afadhali kununua ukubwa, kutoka gigabaiti 4 hadi 8, kuliko kulipia mbio ambazo mashine haitaziruhusu.

Kabla ya kupanda basi, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, ifungue, unakili maneno yote ya karatasi iliyobandikwa kwenye kibao cha zamani. Andika pia kama ni kompyuta ya mezani au mpakato, maana kibao cha mpakato ni kifupi.