Kusafisha Kando ya Mto Wetu

Mwanzoni mwa Biblia tunasoma habari za mto uliotoka Edeni na kuinywesha bustani. Mwishoni mwake tunasoma tena habari za mto, mto wa uzima. Katikati ya mito hiyo miwili iko mito yetu sisi: mto Lubumbashi, na vijito vinavyouingia, na Kafubu unaoupokea. Malaika hawakupewa kazi ya kuitunza mito hii. Kazi hiyo tumepewa sisi.

Someni mafundisho haya polepole, kisha wasomeeni na wale wasiojua kusoma.

1. MAJI YANAKWENDA WAPI?

Watu wengi husema, "Maji yanayotembea hayana uchafu." Maneno hayo si kweli. Maji yanayotembea huchukua uchafu, hayaumalizi. Mtu akitupa takataka mtoni usiku ili mvua izipeleke, amezipeleka kwa jirani yake tu.

Fuateni safari ya maji. Mto Lubumbashi huingia Kafubu. Kafubu huingia Luapula. Luapula huingia ziwa Mweru. Kutoka Mweru maji hutoka kwa jina la Luvua, hukutana na Lualaba, na mwisho wake ni bahari. Njiani pote wako mama wanaoteka maji, wavuvi wanaotega samaki, na watoto wanaoogelea. Kila mtu yuko chini ya mwingine. Wewe unayekasirika kwa sababu ya uchafu wa watu walio juu yako, kumbuka kwamba wako watu walio chini yako.

2. MAGONJWA YA KANDO YA MTO

Kolera. Ugonjwa huu huletwa na mdudu mdogo sana asiyeonekana kwa macho. Hutoka katika choo cha mgonjwa, huingia katika maji, na kutoka katika maji huingia kinywani mwa mtu mzima. Mwaka 1854, katika mji wa London, daktari John Snow aliandika nyumba za wagonjwa katika ramani, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja. Sisi hatuna haja ya kwenda London kwa ushahidi. Mwanzo wa mwaka 2008 kolera iliwashika watu wengi katika Lubumbashi na Likasi, na mwaka 2013 iliingia Lubumbashi tena. Mtu akihara maji meupe kama maji ya mchele, mwili wake hukauka upesi, naye aweza kufa siku ile ile. Msipoteze saa kutafuta mchawi. Mpeni maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyo sawasawa bila kujaa kupita kiasi, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mpeni kidogo kidogo bila kuacha, na huku mnampeleka hospitali.

Kichocho. Mayai ya mdudu huyu hutoka katika mkojo au choo cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kitoto chake huingia ndani ya konokono mdogo wa majini. Baada ya majuma kadhaa hutoka wengi, wakaogelea, wakaingia katika ngozi ya mtu aliyesimama majini. Haumi wakati wa kuingia, kwa hiyo mtoto hajui. Baadaye damu huonekana katika choo au mkojo, na tumbo huuma. Konokono huyu hupenda maji yaliyosimama au yaendayo polepole, penye majani mengi. Takataka zikiziba kijito, tunamjengea nyumba. Dawa iko hospitali, lakini mtu aliyepona akirudi katika maji yale yale ataugua tena.

Mbu. Makopo, matairi ya zamani na chupa zilizokatwa hushika maji ya mvua. Vidimbwi vya kando ya mto pia hushika maji. Yai la mbu huwa mbu arukaye kwa siku kumi tu au karibu. Kwa hiyo kusafisha mara moja kwa mwaka hakutoshi.

3. UCHAFU WA NAMNA MBILI

Uko uchafu wetu, na uko uchafu wa madini. Lazima tupambanue, kwa maana dawa zao si moja.

Uchafu wetu ni sasheti za plastiki, chupa, nguo kuukuu, maganda, na choo cha watu. Huu tunaweza kuuondoa kwa mikono yetu. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017 Serikali ilitoa amri ya kukataza mifuko ya plastiki, lakini mnaona wenyewe kwamba ingali mitaroni. Amri pekee haiokoti takataka.

Uchafu wa madini ni mwingine. Uchunguzi wa walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, uliotangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini wana madini mengi katika mkojo wao, na hasa watoto walikuwa na kobalti nyingi. Tena, mwezi wa 11 mwaka 2025, maji machafu yalitoka katika bwawa la kampuni ya madini, yakafurika mitaa ya komini Annexe, na upande wetu wa Kasapa pia. Serikali iliisimamisha kampuni hiyo kazi kwa miezi mitatu.

Shikeni neno hili moja sana: moto huua wadudu, lakini hauondoi madini. Mama anayechemsha maji yenye sumu ya madini huwapa watoto wake sumu ile ile, tena moto. Kwa hiyo maji yakigeuka rangi, au yakinuka dawa, au samaki wakielea wamekufa, msiyanywe, msiyachemshe kwa kunywa, msifue ndani yake, wala msinyweshee matembele na lenga-lenga. Msiokote samaki wale. Msiwaruhusu watoto kucheza katika tope lake. Wapelekeeni habari mkubwa wa mtaa na wakubwa wa komini siku hiyo hiyo. Andikeni tarehe, saa na mahali. Kazi ya kuondoa tope la namna hii si ya kanisa na ufagio wake. Ni ya yule aliyelimwaga, na Serikali ina haki ya kumlazimisha. Kunyamaza hapa si upole wa Kikristo. Kumbukeni jinsi Ezekieli alivyowakemea wanyama wenye nguvu waliokunywa maji safi, kisha wakayachafua kwa miguu yao ili wenzao wanywe tope.

4. JINSI YA KUFANYA KAZI

Nehemia alipotaka kujenga ukuta wa Yerusalemu hakuanza na mawe. Kwanza aliomba. Halafu akazunguka usiku akaangalia mahali pote palipobomoka. Ndipo akawaita watu, akawagawia kazi, na wengi wakajenga kila mtu mbele ya nyumba yake. Tufuate njia hiyo.

Kwanza, tembeeni. Mzee mmoja wa kanisa, mama mmoja na kijana mmoja wapite kando ya kijito. Waandike: hapa ni jaa la takataka, hapa ni choo kilicho karibu sana, hapa mama huteka maji, hapa kijito kimezibwa.

Pili, toeni habari kwa mkubwa wa mtaa. Salongo iliyofanywa bila yeye huleta maneno. Waiteni na majirani wasio wa kanisa letu: Wakatoliki, Wakimbangu, Waislamu, na wasiosali. Kolera haiulizi mtu amebatizwa wapi.

Tatu, chagueni wakati. Mwezi wa 9 na mwanzo wa mwezi wa 10 ni wakati mzuri, kabla mvua hazijaanza kushuka. Maji ni machache, ukingo ni mkavu, na takataka hazijachukuliwa bado. Anzeni asubuhi, mmalize kabla ya jua kali.

Nne, gawanyeni kazi. Wanaume na jembe na koleo wazibue mifereji. Vijana waokote plastiki na makopo katika magunia. Mama wengine wafagie, wengine wapike bukari, maana mtu mwenye njaa hafanyi salongo ya pili. Watoto waokote vitu juu, mahali pakavu; wasiingie majini kamwe. Mwenye kidonda mguuni asiingie majini pia. Vaeni viatu, na mifuko migumu mikononi kama hakuna glovu. Mkiona sindano au wembe, msishike kwa mkono. Sukumeni kwa kijiti ndani ya kopo gumu, mfunike, mlete hospitali. Mwisho wa kazi kila mtu anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Tano, jueni takataka zinakwenda wapi kabla hamjaziokota. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu hukusanya lundo zuri kando ya mto, huimba, huenda nyumbani. Mvua ya kwanza hulirudisha lote majini. Maganda na majani yachimbieni shimo, yawe mbolea. Chupa nzima na vyuma wapeni wale wanaovinunua. Zilizobaki zipelekwe siku hiyo hiyo kwa gari la mkono mpaka jaa la mji. Msichome plastiki karibu na nyumba, kwa kuwa moshi wake ni mbaya kwa kifua cha mtoto.

Ndugu zetu wa pwani ya Kenya wametuonyesha kwamba takataka zaweza kuwa mali. Katika Lamu mafundi walijenga jahazi kwa plastiki na kandambili zilizookotwa, wakaliita Flipflopi, na mwanzo wa mwaka 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar. Sisi hatuhitaji jahazi. Lakini chupa iliyokatwa yaweza kuwa chungu cha miche.

5. BAADA YA KUSAFISHA, KULINDA

Mtu akifukuza nguruwe shambani bila kujenga ua, nguruwe hurudi jioni. Basi jengeni ua.

Vyoo vichimbwe mbali na maji, si chini ya hatua arobaini. Msichimbe udongo wa matofali katika ukingo, maana mvua huula ukingo uliochimbwa. Acheni majani na miti ya kando isimame. Mizizi yake hushika udongo, nayo majani huchuja tope. Ulimeni bustani zenu hatua chache nyuma. Palipokuwa jaa, pandeni kitu upesi, migomba au maembe, kwa sababu mahali patupu huita takataka. Wekeni shimo la takataka mahali pengine panapofaa, la sivyo mnamkataza jirani bila kumwonyesha njia. Kila mwezi kundi moja lishike zamu: mwezi huu akina mama, mwezi ujao vijana, halafu wazee.

Akionekana mtu akitupa takataka, msimtukane. Aendewe nyumbani na watu wawili, kwa adabu, aonyeshwe shimo. Huenda ni mjane asiye na mtu wa kumchimbia. Basi mchimbieni.

Wapendwa, wengi wenu mmekaa katika vitanda vya hospitali hii na watoto wenu. Mwajua usiku wa homa ulivyo mrefu. Dawa tutawapa, nasi tutaomba pamoja nanyi. Lakini ni vizuri zaidi mtoto asije kwetu, awe nyumbani anacheza. Mwombeni Mungu, na kisha mshike jembe.

MASWALI YA KUFUNDISHIA

1. Kwa nini si kweli kwamba maji yanayotembea hayana uchafu?
2. Mtoto anayehara sana apewe nini njiani kwenda hospitali?
3. Kuchemsha maji huondoa nini, na hakuondoi nini?
4. Lundo la takataka lililoachwa kando ya mto lina hatari gani?
5. Mbele ya nyumba yako kuna nini leo, nawe utaanza lini?