«Ni barabara, mama»: pikipiki inapotetemeka

Ukipanda taksi-moto na kuona usukani unacheza mikononi mwa dereva, mwulize kuna nini. Jibu ni lile lile siku zote: «Ni barabara, mama.» Mara nyingi ni kweli. Njia ya Kasongo kwenda Kindu, zaidi ya kilomita 200, haina huruma, na ile ya Kabambare ni ndugu yake. Lakini barabara hutikisa penye mashimo. Pikipiki ikiendelea kutetemeka hata pale njia ilipo sawa kama meza, barabara haina kosa tena.

Jambo hili linatuhusu sisi kwa njia mbili. Ndio tunaokaa nyuma ya dereva na mtoto mgongoni, tena mara nyingine tukikimbilia hospitali. Na kuna vikundi vya wamama vinavyoweka akiba pamoja, kwa AVEC au likelemba, vikanunua pikipiki na kumpa kijana aendeshe, alete fedha kila juma. Siku kijana anaposema «pine imekufa», kikundi kinatoa franka za pine mpya. Juma linalofuata kutetemeka kuko pale pale, maana mgonjwa alikuwa freni.

Kabla ya kufungua sanduku la kikundi, ulizeni kwanza: inatetemeka wakati gani?

Ikiwa inatetemeka inapokimbia, dereva hajagusa freni, na chini ya mwendo fulani inatulia, basi tazameni gurudumu lenyewe. Upande wake mmoja ni mzito kuliko mwingine. Kwetu huku mshitakiwa wa kwanza ni matope. Wakati wa mvua yanashika ndani ya janti, usiku yanakauka, asubuhi yamekuwa jiwe. Sisi walimu tunapenda kuwapa watoto hesabu hii. Gurudumu la pikipiki ya kawaida, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, linazunguka karibu mara 9 kila sekunde. Bonge la udongo la gramu 100, likishika sentimita 20 kutoka katikati, linalivuta gurudumu kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 6, sasa juu, sasa chini, mara hizo 9 kila sekunde. Punguza mwendo hadi 30: nguvu hiyo inashuka hadi kilo moja na nusu. Mwendo umepungua nusu, nguvu imebaki robo. Ndiyo sababu dereva akienda polepole kidogo pikipiki inatulia kabisa, naye anawaambia kwamba imepona.

Dawa ya matope ni ndoo ya maji na kijiti, haihitaji fundi. Baada ya kuosha, inueni gurudumu la mbele lisiguse chini, lizungusheni, ngojeni lisimame lenyewe. Rudieni mara 4 au 5. Kama kila mara upande ule ule unakuja chini, huo ndio mzito. Tena chukueni kijiko cha jikoni mgonge rayo, zile njiti za chuma za gurudumu, moja moja. Iliyokaza inalia «ting». Iliyolegea inajibu «tu», kama sufuria yenye ufa. Rayo zikilegea nyingi, janti inapinda. Shikeni kijiti karibu na janti inapozunguka, na mtaona kama inakisogelea na kukikimbia. Pine yenye uvimbe ubavuni haingoji mkutano wa kikundi: nyuzi za ndani zimekatika, na inaweza kupasuka mtu akiwa njiani. Hiyo ibadilishwe leo.

Ikiwa pikipiki imetulia inapokimbia, lakini inaanza kutetemeka dereva anaposhika freni, pine mpya ni fedha ya kutupa. Mwulizeni mkono wake au mguu wake unasikia nini. Kama freni inamsukuma na kumwachilia, inamsukuma na kumwachilia, kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, basi ngoma ya freni imepoteza mviringo wake, ama diski imekuwa nene huku na nyembamba kule. Joto kali linaweza kuchangia, kama kwa dereva anayeshuka mlima mrefu bila kuachia freni. Diski nyingi zina unene wa mwisho ulioandikwa juu yake. Ikifika hapo haichongwi tena, inabadilishwa.

Kuna tena mgongo mmoja, «ko!», unaosikika freni ya mbele inaposhikwa. Pikipiki ikiwa imesimama, shikeni freni ya mbele kwa nguvu, isukumeni mbele na nyuma, na mtu mwingine aweke vidole kwenye shingo ya usukani. Akisikia kitu kinacheza pale, rulema za shingo zimelegea au zimekwisha. Kwa nyuma, vuteni gurudumu kushoto na kulia, halipaswi kucheza.

Kwa jeep na malori yanayotupeleka Kindu, maswali ni yale yale. Usukani ukitetemeka, mara nyingi ni magurudumu ya mbele. Kikitetemeka kiti chako, fikiria ya nyuma, au kardani, hasa kama inazidi dereva anapoongeza mafuta. Lakini gari likianza kuyumba muda mfupi baada ya kubadilishwa gurudumu, mwambieni dereva asimame palepale akaze bulo, moja na ile inayoitazama, si kwa kuzunguka. Akikasirika, akasirike. Gurudumu linaweza kutoka.

Mnapofika kwa fundi, msimwambie tu «inatetemeka». Hapo atachagua yeye mwenyewe cha kuuza. Mwambieni: «Inaanza kwenye 50, tunaisikia usukanini, freni haijashikwa, matope tumeyaosha.» Andikeni maneno hayo katika daftari la kikundi pamoja na tarehe na bei aliyotaja. Na kitu cha zamani anachotoa, ngoma, diski au rulema, kisibaki garajini. Kirudi katika mfuko, mweka hazina akishike mkononi kabla ya kutia sahihi.