Uzi Ndio Nguo

Ubora wa sare huanzia kwenye uzi. Askari anayelinda Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, au apigaye doria Mbarara, huchomwa na jua na kulowa mvua.

Pamba hunyonya jasho, ila hukawia kukauka. Poliesta hukauka upesi na hustahimili msuguano. Lakini ikifikia digrii 260 hivi huyeyuka na kugandamana na ngozi. Kwa doria, mchanganyiko wafaa. Karibu na moto, pamba tupu ni salama zaidi.

Basi mnunuzi wa kitambaa na achome uzi mmoja: pamba huacha majivu laini, poliesta tone gumu. Akidanganywa yeye, atakayeungua ni askari.