Ladha na Hoja: Mabishano ya Mashabiki wa Anime katika Darasa la Fasihi

Mabishano kuhusu ubora wa kazi ya sanaa si jambo geni katika uhakiki wa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake Kichomi mwaka wa 1974, kundi moja lilishikilia kuwa utungo usiozingatia vina na mizani si shairi, ilhali kundi jingine lilidai kuwa uhai wa shairi hauko katika urari wa vina. Ubishi ule ulidumu kwa miaka mingi, na sababu mojawapo ni kuwa pande zote mbili zilitumia neno moja kwa vigezo viwili tofauti. Mwalimu wa fasihi wa leo anausikia ubishi wa jinsi hiyo hiyo bwenini na uwanjani wakati wa mapumziko, ila wanafunzi hawabishanii mashairi. Wanabishania anime.

Makala haya yanaeleza jinsi mabishano hayo yanavyoendeshwa na kwa nini mengi yake hayafiki popote. Sidai kuwa anime iingizwe katika silabasi. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi anayeweza kutetea kazi anayoipenda kwa ushahidi ameshapiga hatua kubwa kuelekea karatasi ya fasihi, na kwamba mwalimu anayeyapuuza mabishano haya anapoteza darasa ambalo tayari limejaa.

Kwa mwalimu ambaye hajawahi kuitazama, anime ni filamu na vipindi vya katuni vinavyotengenezwa Japani. Nyingi huchimbuka kutoka kwa manga, yaani hadithi za picha zinazochapishwa kwa mfululizo katika majarida. Jarida maarufu la Weekly Shonen Jump lilianza mwaka wa 1968, na ndilo lililochapisha Dragon Ball, Naruto na One Piece. Wanafunzi wengi huitaja 'shonen' kana kwamba ni utanzu. Ieleweke kuwa neno hilo humaanisha mvulana, nalo hutaja hadhira iliyolengwa, si aina ya hadithi. Ni kama tusemavyo 'fasihi ya watoto': ndani yake mna ngano, mna mashairi na mna michezo ya kuigiza.

Uchapishaji wa mfululizo una athari kubwa kwa msuko. Kipindi cha televisheni hukimbia kuliko kalamu ya mchoraji, na siku moja hadithi ya jaridani hufikiwa. Hapo watengenezaji huwa na njia chache. Wanaweza kubuni vipindi vya kujazia nafasi, kama ilivyofanyika mara nyingi katika Naruto, wanaweza kusimamisha kipindi wakingoja, au wanaweza kubuni mwisho wao wenyewe. Njia hii ya tatu ndiyo iliyozaa mojawapo ya mabishano marefu zaidi baina ya mashabiki wa anime, yale ya Fullmetal Alchemist.

Manga ya Fullmetal Alchemist iliandikwa na kuchorwa na Hiromu Arakawa, mwanamke aliyelelewa katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, na ilichapishwa kuanzia mwaka wa 2001 hadi 2010. Ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, wanajaribu kumfufua mama yao kwa alkemia. Jaribio linashindwa. Alphonse anapoteza mwili wote na Edward anapoteza mguu, kisha anautoa mkono wake ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya deraya tupu ya chuma. Kuanzia hapo wanasafiri wakitafuta namna ya kuirejesha miili yao. Wanaongozwa na kanuni moja: hupati kitu bila kutoa kitu chenye thamani sawa.

Studio ya Bones iliitengenezea hadithi hii kipindi cha sehemu 51 mwaka wa 2003, chini ya uongozi wa Seiji Mizushima. Kwa kuwa manga ilikuwa bado haijafika hata nusu, watengenezaji waliachana nayo njiani na kubuni mkondo wao. Mwaka wa 2009 studio hiyo hiyo ilianza upya. Toleo la pili, liitwalo Brotherhood, lilikuwa na sehemu 64 chini ya Yasuhiro Irie, nalo lilifuata manga hadi mwisho wake mwaka wa 2010. Basi tuna kisa kimoja, wahusika walewale na studio ileile, lakini kazi mbili. Mhakiki hawezi kutamani mfano bora zaidi ya huu.

Hoja inayotolewa upesi zaidi na mashabiki wa toleo la 2009 ni kwamba la kwanza 'lilipotoka'. Ni kweli lilipotoka, lakini huo ni ukweli kuhusu uhusiano wa kazi mbili. Kuhusu ubora haujatuambia lolote. Ebrahim Hussein hakufungwa na kila tukio la vita vya Maji Maji alipoandika Kinjeketile (1969), na hakuna mtahini mwenye busara anayeipunguzia tamthilia hiyo alama kwa sababu hiyo. Tunauliza iwapo alichokibuni kina mantiki ndani ya tamthilia yenyewe. Swali hilo hilo liulizwe hapa.

Hebu tutazame tukio moja ambalo matoleo yote mawili yanalo. Shou Tucker ni mwanaalkemia wa serikali anayetafiti viumbe mseto. Anaishi na bintiye mdogo, Nina, na mbwa wao. Kwa kuogopa kupokonywa leseni katika tathmini ya kila mwaka, anamuunganisha mtoto wake na mbwa ili aonyeshe kiumbe mseto anayeweza kusema. Toleo la 2009 linaeleza kisa hiki chote katika sehemu ya nne pekee: ndugu hawa wanafika kusoma katika maktaba ya Tucker, wanacheza na Nina, na kabla sehemu haijaisha mambo yameharibika. Katika toleo la 2003 kisa kinatandazwa katika sehemu ya sita na ya saba. Edward bado ni mtahiniwa, anaishi nyumbani mwa Tucker akijiandaa kwa mtihani wa serikali, na Nina anakuwa kama dada yake. Kikatili ni kilekile. Tofauti ni muda tuliopewa kumzoea mtoto kabla ya kumpoteza.

Hali ni hiyo hiyo kwa Maes Hughes, afisa wa jeshi anayemchosha kila mtu kwa picha za bintiye. Katika toleo la 2003 anauawa katika sehemu ya 25 kati ya 51, karibu nusu ya safari. Katika toleo la 2009 anauawa katika sehemu ya 10 kati ya 64. Wanaolipenda toleo la kwanza husema kifo hiki kinauma zaidi humo, nami naafikiana nao, kwa sababu inayoweza kuhesabiwa. Usawiri wa mhusika unahitaji nafasi. Inaonekana watengenezaji wa 2009 walichukulia kwamba mtazamaji alikwisha kuijua hadithi, hivyo wakaupitia mwanzo mbiombio.

Hata hivyo, shabiki wa toleo la 2009 akiwa makini hanyimwi jibu. Kifo cha Hughes kinarudi mwishoni mwa toleo lake. Rafiki yake, Roy Mustang, anakutana ana kwa ana na muuaji na yuko tayari kumteketeza polepole, huku waliomzunguka wakijaribu kumzuia asigeuke mnyama. Pale kifo kilichopitiwa haraka katika sehemu ya 10 kinazaa mgogoro wa nafsi katika sehemu ya 54. Toleo la 2003 halina makabiliano hayo. Kwa hiyo ukiniuliza ni toleo gani limekishughulikia kifo hiki vyema, nitakuuliza: kwa upande wa maandalizi au wa matokeo? Hilo si jibu la kukwepa. Ni majibu mawili, na yote mawili yanaweza kuthibitishwa kwa kutaja sehemu.

Tofauti iliyo kubwa zaidi iko katika maudhui. Maadui wakuu wa hadithi hii ni viumbe wenye umbo la watu waitwao homunkulasi, waliopewa majina ya dhambi saba kuu. Katika toleo la 2009, kama katika manga, wote wametoka kwa kiumbe mmoja aliyezing'oa tamaa zake na kuzipa miili, na nchi nzima iliundwa ili raia wake watolewe kafara. Uovu una makao makuu, na wahusika kutoka kila pembe wanaungana kuuangusha. Ni ploti pana ambayo nyuzi zake karibu zote zinafungwa. Katika toleo la 2003 kila homunkulasi alizaliwa pale mtu fulani alipojaribu kumfufua mpendwa wake akashindwa. Ina maana kwamba mmoja wao anatokana na jaribio la ndugu Elric wenyewe, na ana sura ya mama yao. Adui anayewaandama ni kosa lao. Kwa upande wa dhamira ya hatia, sijaona katika toleo la pili kitu kinacholingana na hiki.

Lakini toleo hilo hilo linayumba linapofika mwisho. Edward anatupwa katika ulimwengu mwingine, ambao ni ulimwengu wetu, Ujerumani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na suala la ndugu kutengana likabaki likining'inia hadi filamu ya mwaka wa 2005. Kwa upande mwingine, mwisho wa 2009 unatokana na kanuni iliyowekwa mwanzoni: ili mdogo wake arudi, Edward anatoa uwezo wake wote wa alkemia. Kuna wanaouona mwisho huo kuwa nadhifu kupita kiasi. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa anachokitoa ndicho kilichomtambulisha tangu sehemu ya kwanza.

Katika orodha za kura za mashabiki, toleo la 2009 limekaa kileleni au karibu na kilele kwa miaka mingi. Mwanafunzi huleta orodha kama hizo darasani akidhani amemaliza ubishi. Mwingine huleta mapato. Filamu ya Kimetsu no Yaiba ya mwaka wa 2020 ilipata zaidi ya yeni bilioni 40 nchini Japani na kuivunja rekodi ya Spirited Away ya Hayao Miyazaki, iliyokuwa imedumu tangu 2001. Je, basi ni bora kuliko Spirited Away? Kabla hatujacheka, tukumbuke kwamba Spirited Away yenyewe ilipendwa na umma kwa kiwango kilichovunja rekodi na bado ikatuzwa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka wa 2002 na Oscar mwaka wa 2003. Umaarufu hauthibitishi ubora, wala haupingi. Sisi tuliosomeshwa kuidharau fasihi pendwa tunahitaji kuikumbuka nusu hiyo ya pili. Riwaya za Elvis Musiba kuhusu Willy Gamba zilisomwa na watu ambao hawakuwahi kushika riwaya nyingine ya Kiswahili, na taharuki yake haikujitokeza kwa bahati.

Kuna pia suala la matarajio. Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno ilionyeshwa katika miaka ya 1995 na 1996. Ilianza kama hadithi ya vijana wanaopigana na viumbe vikubwa kwa mashine, lakini sehemu mbili za mwisho kati ya 26 ziliacha vita na kuingia akilini mwa kijana Shinji Ikari. Watazamaji wengi walikasirika, na mwaka wa 1997 ikatolewa filamu yenye mwisho mwingine. Hans Robert Jauss, mwananadharia wa upokezi, angesema kazi ile iligongana na upeo wa matarajio wa hadhira yake. Aliyengoja shujaa ashinde aliona ameibiwa. Aliyekuwa akimfuatilia kijana anayejichukia aliona hadithi imefika ilikokuwa ikielekea tangu awali. Wa pili ana ushahidi mwingi zaidi katika sehemu za mwanzo, kwa maoni yangu, ingawa hilo halimlazimishi wa kwanza kufurahi.

Sasa tuje kwa mtahiniwa. Sentensi 'hadithi hii ni nzuri kwa sababu inavutia' haimpi mtahini chochote cha kutuza. Ni hisia iliyorudiwa mara mbili. Ilinganishe na hii: 'Mwandishi amefaulu kumsawiri Hughes kwa kutumia kariri, kwani kila aonekanapo anaonyesha picha za bintiye, hivyo kifo chake kinamwacha msomaji na uchungu mkubwa.' Hapa pana kigezo, pana mbinu, pana ushahidi na pana athari. Aliyeandika hivyo kuhusu katuni ataweza kuandika hivyo kuhusu riwaya teule. Ambaye hawezi kuhusu katuni aliyoitazama mara tatu hataweza kuhusu riwaya aliyoisoma mara moja, tena kwa muhtasari ulionunuliwa mjini.

Mwalimu achague kwa uangalifu, maana anime nyingine hazifai vijana kabisa. Na asijifanye shabiki. Wanafunzi watamgundua kabla ya kengele kulia.

Zoezi ninalolipendelea kwa kidato cha tatu ni hili. Darasa linagawanywa kulingana na kazi wanazozipenda, kisha kila upande unapewa jukumu la kuitetea kazi ya upande wa pili kwa hoja tano, kila moja ikiambatana na tukio mahususi. Maneno 'ni moto' na 'inaboo' hayaruhusiwi. Dakika tano za kwanza huwa za kimya. Baadaye mmoja huuliza kama anaweza kupewa hadi Jumatatu ili aitazame upya.