Kadi ya Mgao na Jina Lililoandikwa Juu Yake

Wasomaji wetu wa Ngara na Biharamulo wangali wanaukumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Huko Benaco wengi wao waliishi kwa mgao. Nasi tunauhesabu mgao kuwa huduma, na anayeupokea kuwa mtumiaji mwenye haki.

Mwanzoni chakula kilipita mikononi mwa viongozi waliotoka nao Rwanda, karibu wote wanaume. Mjane asiye na mtu wa kumsemea alipata kilichosalia. Baadaye mgao ulipelekwa moja kwa moja kwa kaya, lakini kadi ikiwa na jina la mume, tatizo huhamia nyumbani: mume akihama au akioa kwingine, mke hubaki na watoto bila kadi. Ndiyo maana mjini Beijing, mwaka 1995, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliahidi kuwakabidhi wanawake usimamizi wa mgao.

Kuni nazo zilikuwa na gharama yake. Maharage makavu huchukua saa nyingi kuiva, na miti iliyokuwa karibu na kambi ilikwisha upesi. Wanawake walilazimika kwenda mbali zaidi, na wengine walibakwa porini. Kuloweka maharage tangu jioni na kufunika sufuria huonekana ushauri mdogo, lakini hupunguza safari hizo.

Wanyarwanda walirejea kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole, ya Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Hata hivyo, kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, wanawake wangali wanapanga foleni ya mgao. Kwa hiyo tunashauri: mwanamke aliyetengana na mumewe aombe kadi yake mwenyewe. Apimiwe mbele ya macho yake, na kipimo kikipungua alalamike kabla ya kuondoka, akiwa na shahidi. Aliyebakwa awahi zahanati, kwani dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haina budi kuanza ndani ya saa 72.

Nawe unayeuziwa unga wa mgao gulioni, usidhani mara moja kuwa umeibwa. Mara nyingi muuzaji ni mama anayetafuta sabuni, chumvi, au kitambaa cha hedhi, vitu ambavyo mgao wake haukuwa navyo.