Jirani yangu Mmormoni na finjani ya kahawa

Siku ya kwanza aliponigongea mlango alikuwa ameshika bakuli la jeli ya kijani, inatikisika kila akipiga hatua. Ilikuwa Agosti 2024, hapa Salt Lake City, jimbo la Utah, nasi tuna mwaka mmoja tu tangu mume wangu aje kusoma. Yeye alihamia fleti ya mbele yetu juzi yake. Nikamkaribisha ndani. Na kwetu, nyote mnajua, mgeni hatoki bila ya kahawa. Dele lilikuwa tayari, iliki inanukia mpaka kwenye ngazi. Nikamwekea tende, nikamwekea halwa ya mwisho mwisho niliyokuwa nikiibania tangu safari yangu ya Maskati, nikamimina finjani nikampa kwa mkono wa kulia.

Akaitazama. Uso ukamwiva. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ahsante sana, lakini yeye kahawa hanywi.

"Basi nikupikie chai, haina taabu."

Chai pia hanywi.

Sikuficha, nilihisi kidogo nimedharauliwa ndani ya nyumba yangu. Lakini na mimi zamu yangu haikukawia. Nikaliangalia lile bakuli lake, nikamwuliza imetengenezwa na nini. Hakujua. Akarudi kwake mbio, akaleta pakiti, tukaisoma pamoja: jelatini, basi, bila ya kusema ya mnyama gani. Na jelatini nyingi za madukani huku ni za nguruwe. Nikamwambia, "Nisamehe, na mimi hii siwezi." Tukatazamana, kisha tukacheka wote wawili, yeye kwanza. Halwa aliila. Baadaye ndipo nikajua kwamba jeli ile si chakula cha watoto tu: mwaka 2001 wabunge wa Utah waliipitisha kuwa kitafunio rasmi cha jimbo lao.

Jina lake silitaji. Ameniruhusu kuandika kwa sharti hilo, na makala hii nilimsomea kwa Kiingereza kabla ya kuituma.

Ana miaka 24, ametoka Rexburg, mji mdogo wa Idaho, mwendo wa saa kama nne kwa gari. Kanisa lake kwa jina kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tangu 2018 viongozi wao wameomba watu waache kuwaita Wamormoni, na siku moja alinisahihisha, kisha akasema mwenyewe kwamba hata bibi yake hajazoea. Lilianzishwa 1830 katika jimbo la New York na Joseph Smith, ambaye aliuawa na kundi la watu huko Illinois mwaka 1844. Wafuasi wake wakafukuzwa huku na huku, mpaka Brigham Young alipowafikisha kwenye bonde hili Julai 1847, wakati huo likiwa bado ni ardhi ya Mexico.

Nilipomsimulia mama kwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa lile lile mnalojiuliza nyinyi: "Hao si ndio wale wenye kuoa wake wengi?" Nikamwambia kanisa lao liliacha rasmi tangu 1890, na leo anayefanya hivyo hutolewa. "Afadhali yao," akasema mama, halafu akanyamaza kidogo. Swali la pili ndilo lililokuwa linamkera: "Wasije wakakuchota akili, mwanangu."

Kweli, hawa ni watu wa kueneza dini yao. Jirani yangu mwenyewe akiwa na miaka 19 alikwenda Ufilipino kwa miezi 18, anatembea mlango kwa mlango na kibeji cha jina kifuani. Aliniuliza mara moja tu kama ningependa kujua zaidi. Nikamjibu kwamba dini ninayo, alhamdulillahi, na jirani ndiye ninayemhitaji. Hakurudia tena. Nami namheshimu kwa hilo, maana wapo wengine ukiwaambia hapana wanasikia labda.

Mji huu mtu hapotei njia. Barabara zimepigwa mraba, na hesabu inaanzia penye uwanja wa hekalu lao. Ukiambiwa mahali ni 900 Mashariki, 300 Kusini, basi ni mitaa tisa mashariki ya hekalu na mitatu kusini. Mtoto wangu wa miaka sita ameshaielewa. Hekalu lenyewe walilijenga kwa miaka 40, 1853 mpaka 1893, na mwisho wa 2019 lilifungwa kwa matengenezo, kwa hiyo yeye amehamia mji wa hekalu akakuta vyuma na winchi.

Mimi nilidhani mtu wa dini yake akija mji huu ni kama sisi tukienda Unguja kwa shangazi, kila mlango wako. Kumbe sivyo. Kwanza mjini hapa si kila mtu ni wa kanisa lao, wengi si wao. Halafu hata huko kanisani hachagui pa kwenda. Waumini hupangwa kwa makata kufuata mtaa mtu anaoishi, na vijana wasioolewa na wasiooa wana kata zao peke yao. Kwao Rexburg alikuwa kwenye kata moja na mwalimu wake wa darasa la kwanza. Hapa alikwenda Jumapili tatu mfululizo, na Jumapili ya tatu msichana aliyekaa naye ubavuni mara zote akamwuliza, "Wewe mgeni?" Vijana wanahama kila muhula, hakuna anayeshika jina la mtu.

Nilikuwa nikimwona anarudi saa saba mchana na gauni lake refu, anakaa ndani ya gari dakika ishirini kabla ya kupanda juu. Mimi najua kukaa kwenye gari namna ile ni nini. Mwaka wangu wa kwanza niliufanya sana, nje ya duka la vyakula.

Mambo yalianza kubadilika askofu wao alipompa kazi. Askofu huko halipwi mshahara, ni mtu na shughuli zake, na kila muumini hupewa jukumu. Yeye, asiyemjua mtu, akapewa wasichana watatu wa kuwatembelea na kuwajulia hali, na juu yake kupiga piano. Mmoja wa wale watatu hakumfungulia mlango mpaka mara ya nne. Sasa huyo ndiye anayekuja kwake kila Jumatatu, usiku wao wa kukusanyika nyumbani, nasi tunasikia vicheko kupitia ukutani.

Jumapili hanunui kitu, hata mkate. Wiki yake ya pili hapa alisahau kwenda sokoni Jumamosi, akaja kuniomba mayai mawili. Nilimpa sita. Jumatatu akarudisha kumi na mbili. Tangu hapo hesabu ya mayai baina yetu haijafungwa.

Na simu za mama yake! Kila Jumapili jioni, na kila simu ina swali moja, nyinyi wenye mabinti mnalijua. Kwao miaka 24 bila ya mchumba watu wanaanza kuinamisha vichwa. Binamu zangu wa Maskati wangemwelewa bila ya mkalimani. Ila yeye ana jambo zito zaidi, aliloniambia siku moja tunaosha vyombo. Harusi anayoitaka ni ya hekaluni, wanayoamini inawafunga mume na mke hata baada ya kufa, na hekaluni huingii bila ya kibali cha viongozi. Baba yake aliacha kanisa yeye alipokuwa na miaka 15. Akiolewa huko, baba atangoja nje. Alisema hivyo huku anafuta sahani moja ile ile kwa muda mrefu.

Ramadhani ya 2025 ilituanzia Machi 1, siku ya Jumamosi. Sasa wao Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wanafunga, hawali wala hawanywi hata maji, milo miwili, kama saa 24, na fedha ya vile vyakula humpa askofu awasaidie wenye shida. Kwa hiyo Jumapili ya Machi 2 tulijikuta sote tumefunga, ukuta kwa ukuta. Nikamwalika kufuturu. Mume wangu akapiga hesabu: sisi tulikula daku, yeye hajala tangu jana magharibi. "Huyu ametushinda," akasema.

Jua lilizama saa kumi na mbili na robo na kitu. Sisi tukachukua tende na maji. Yeye aliinamisha kichwa, akaomba kimya kimya kwa njia yake, ndipo akanyosha mkono kwenye sambusa. Kuhusu kinywaji nilikuwa nimeshauliza mapema. Katazo lao, wanaloliita Neno la Hekima, la mwaka 1833, ni ulevi, tumbaku, kahawa na majani ya chai. Mchaichai ruhusa. Tangawizi ruhusa. Basi nikamchemshia mchaichai na tangawizi na mdalasini, akanywa vikombe vitatu, na miezi saba ya kukaa mikono mitupu kwenye sebule yangu ikaisha.

Lililotutia majaribuni lilikuja Aprili, na lilianza kwa nia njema. Kanisa lao lina maktaba ya nasaba katikati ya mji, hapo mbele ya uwanja wa hekalu, inayohesabiwa kubwa kuliko zote duniani za aina yake, na kuingia ni bure kwa kila mtu. Yeye huenda Jumamosi. Nilikuwa nimemhadithia mambo ya familia yetu: mama alitoka Unguja na miaka sita baada ya Mapinduzi ya 1964, ndugu wa bibi wakatawanyika, wengine Mombasa, wengine Dubai, mmoja hakuonekana tena. Akaniambia, macho yanamng'aa, "Nipe majina, nitakusaidia kutafuta."

Nikasita. Nilikuwa nimesikia kwamba wao huwabatiza waliokwisha kufa, mtu aliye hai akisimama badala ya maiti. Nikamwuliza waziwazi. Hakunizunguka. Akasema ndiyo, ndiyo kazi kubwa ya mahekalu yao, na kwamba wanaamini roho ya marehemu ina hiari ya kukubali au kukataa. Sheria yao ni kila mtu apeleke majina ya jamaa zake tu. Lakini mti wao wa nasaba kwenye intaneti ni mmoja kwa dunia nzima, jina likishaingia linaonekana, na hawezi kuniahidi kwa niaba ya kila mtu.

Usiku ule, saa tatu kwetu na saa moja asubuhi Maskati, nikampigia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wazee wangu walikufa na shahada zao," akasema. "Majina yao yasiende kuingizwa kwenye maji ya watu. Mwambie kwa adabu."

Nikamwambia kwa adabu. Akasema ameelewa. Kisha siku kumi hakugonga. Mimi nikidhani amekasirika, yeye akidhani nimekasirika mimi, na mayai yangu manne yako kwake. Siku ya kumi na moja nikapika mkate wa kumimina, nikagonga mimi.

Akafungua, akaingia ndani, akatoka na daftari jipya la jalada gumu. Alikuwa amelinunua wiki ile ile, akaona haya kulileta. Kurasa mbili za mwanzo alikuwa ameniandikia maswali kwa mkono. Akanieleza walivyofundishwa: ukimwuliza mzee majina peke yake atasema nimesahau. Mwulize jirani wa mkono wa kulia alikuwa nani. Nani alimsomesha Kurani. Nguo ya Idi ilishonwa na nani. Chombo walichosafiria kilikuwa na harufu gani.

Mama yangu, ambaye miaka yote jibu lake ni "mambo ya zamani yale, niache," alizungumza saa moja na dakika arubaini. Harufu ilikuwa ya karafuu na dizeli. Mwalimu wa chuo alikuwa mwanamke, somo wa bibi yangu, na yule ndugu asiyeonekana tena alikuwa na kovu kwenye nyusi. Nimejaza kurasa 31 kwa mkono wangu. Daftari liko kabatini, rafu ya chini ya msahafu, na halijaingia kwenye kompyuta ya mtu.

Mwezi uliopita baba yake alikuja kutoka Idaho kumtazama. Akapita kwangu kutoa salamu, mtu mrefu, mpole, kofia mkononi. Nikaleta dele. Akainusa, akamtazama binti yake, naye akageukia dirishani na kikombe chake cha mchaichai. Baba akanywa. Nikamimina ya pili, akanywa, ya tatu akanywa. Hakujua kuitikisa finjani, na mimi desturi yangu ni kumimina mpaka itikiswe. Ya nne ilipofika katikati, binti aliweka kikombe chake chini, akamshika baba yake kifundo cha mkono, akakitikisa taratibu, kushoto na kulia.