Valvu au Transista? Anza na Soketi ya Ukutani

Kijana mmoja anayepiga solo kwenye kwaya alinijia kibandani, simu mkononi, kioo kimejaa picha za amplifaya mbili. "Shikamoo fundi. Nichukue ipi?" Ya kwanza ilikuwa ya valvu, ya Kimarekani, imeshatumika, inauzwa na mtu aliyerudi nayo nyumbani. Ya pili ilikuwa ya transista, mpya, bei karibu nusu. Nilimjibu kwa swali: kanisani kwenu umeme unasoma volti ngapi Jumapili saa nne, ibada imepamba moto na feni zote zinazunguka? Akacheka. Alidhani namtania.

Wapiga gitaa wanabishana juu ya valvu na transista kama watu wa Simba na Yanga, na kama ilivyo huko, wanaopiga kelele kuliko wote wengi wao hawajawahi kuugusa mpira. Mimi hivi vyombo navifungua, navilehemu, na mara nyingine navizika. Ubishi wenyewe una ukweli ndani yake, ila ukweli huo unakaa mahali padogo kuliko wengi wanavyodhani.

Wenye umri wangu wanaikumbuka redio ya valvu: ukiiwasha inabaki kimya kwanza, mpaka ipate moto ndipo iseme. Ndani ya kile kioo hakuna hewa. Kuna waya unaopashwa moto, kwa kawaida kwa volti 6.3, na joto lake linatoa elektroni zinazovutwa upande wa pili na bati lenye volti 300, 400, pengine zaidi. Katikati kuna kichujio cha waya. Ule umeme mdogo wa gitaa unapelekwa kwenye kichujio hicho, nao unafungua na kukaza mkondo mkubwa kama mkono unavyoshika koki ya bomba. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeweka kichujio hicho mwaka 1906. Transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell huko New Jersey mwezi Desemba 1947, inafanya kazi hiyohiyo ndani ya kipande kidogo kisicho na kioo wala moto. Kwenye redio, televisheni na kompyuta, valvu ilishazikwa zamani. Kwenye gitaa la umeme bado inapumua, na sababu yake ni kwamba wapiga gitaa walipenda kasoro yake.

Kasoro yenyewe ni hii. Amplifaya yoyote inakuza sauti mpaka pale umeme wake wa ndani unapoishia. Ukiisukuma kupita hapo, kilele cha wimbi kinakosa pa kwenda na kinakatwa. Amplifaya ya transista hujisahihisha yenyewe muda wote: inalinganisha kinachotoka na kilichoingia na kurekebisha tofauti. Kwa hiyo hubaki safi mpaka hatua ya mwisho kabisa, kisha kilele kinakatwa ghafla, sawasawa, kama kwa panga. Valvu huanza kulegea mapema. Kilele kinapinda kabla ya kukatika. Wimbi lililokatwa kwa panga huzaa sauti nyingi za juu ambazo mpigaji hakuzipiga, na sikio linazipokea kama mkwaruzo wa bati. Wimbi lililopinda huzaa chache, tena za chini, na sikio linasema sauti imenenepa.

Hapo mwanzo hakuna aliyeitaka hali hiyo. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilikwenda Memphis kurekodi "Rocket 88". Inasimuliwa kwamba amplifaya ya gitaa iliumia njiani, spika ikachanika, wakaijaza makaratasi na kuendelea. Sauti chafu iliyotoka ndiyo watu wakaipenda. Miaka kumi na moja baadaye, mwenye duka la ngoma na magitaa aitwaye Jim Marshall, huko Hanwell magharibi mwa London, alianza na mafundi wake kutengeneza amplifaya kwa kuiga Fender Bassman ya Marekani. Wateja wake walikuwa vijana waliotaka kuzungusha volyumu hadi mwisho. Kasoro ikageuka lugha nzima ya muziki wa roki.

Transista nayo iliingia vibaya. Fender walipotoa amplifaya zao za kwanza za transista mwaka 1966 ziliharibika ovyo, zilikwaruza vibaya, na baada ya miaka michache wakaachana nazo. Lile jina baya bado linaifuata transista, ingawa mwaka 1975 Roland wa Japani walitoa JC-120, ya transista tupu, ambayo bado inatengenezwa na ambayo sauti yake safi wapigaji wa valvu wenyewe wanaionea wivu. B.B. King, mtu ambaye sioni wa kumfundisha sauti ya gitaa, kwa miaka mingi alipigia Lab Series L5. Ya transista.

Kuna jambo linalonichekesha. Mpigaji anayeapa hawezi kugusa transista, ukimtazama miguuni utakuta pedali tatu nne, zote za transista na saketi ndogo. Pedali moja maarufu sana, ya Ibanez, inaitwa Tube Screamer. Jina limeitaja valvu, ndani hakuna hata moja. Na siku hizi zipo amplifaya zenye valvu moja tu mbele, nyuma transista, na chini ya valvu wamepachika kitaa cha rangi ya chungwa ili ionekane inawaka sana. Hiyo ni valvu ya sebuleni.

Tofauti moja haitajwi sana, nayo inasikika hata ukipiga taratibu: amplifaya inavyoishika spika. Spika ya omu 8 haikai kwenye 8. Karibu na mitetemo 80 au 100 kwa sekunde inapanda mara kadhaa ya hapo, na kwenye sauti za juu inapanda tena. Transista nyingi hazijali. Zinatoa volti zilezile na kuishika spika kwa hatamu fupi. Valvu inailegezea. Mahali spika inapotaka kuvimba inavimba, kwa hiyo besi inakuwa na kifua na sauti za juu zinang'aa. Wengi wanaosema valvu ina joto wanasikia spika iliyoachiwa. Watengenezaji wa transista walishaligundua hilo, na wapo wanaounda saketi zao zilegee vilevile.

Na wati? Utaambiwa wati 30 za valvu ni sawa na 100 za transista. Sivyo, lakini si uongo mtupu. Kwa sikio la binadamu, kutoka wati 50 hadi 100 ni ongezeko dogo. Ili sauti isikike kubwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Mwenye valvu anaendelea kuisukuma ikiwa imeshaanza kupinda, kwa sababu anaipenda hivyo, na hapo inatoa nguvu kupita ile iliyoandikwa. Mwenye transista anarudisha mkono mara tu anaposikia mkwaruzo wa bati. Wati ni zilezile. Wanachotofautiana ni mahali wanapothubutu kufika.

Sasa tuje kwa wapigaji wetu. Wengi huku wanalelewa kwenye kwaya au wanafuata dansi, na dansi letu ni ndugu wa rumba ya Kongo. Msikilize Franco na TP OK Jazz, au Sikinde, au Msondo: magitaa mawili matatu yanapishana kama vidole vya mikono miwili, na mara nyingi gitaa moja linapiga nyuzi mbili kwa pamoja, moja ikiimba do na nyingine mi. Weka mkwaruzo hapo uone. Sauti mbili zinapopita kwenye amplifaya iliyoelemewa hazipiti salama, huzaliana. Mojawapo ya watoto wao ni tofauti ya mitetemo yao. Chukua do ya mitetemo 262 na so ya 392: tofauti ni 130, ambayo ni do ya chini, hakuna aliyeumia. Ndiyo maana watu wa roki wanapenda kupiga do na so peke yake. Sasa chukua do ileile ya 262 na mi ya 330. Tofauti ni 68. Do ya chini kabisa ni 65, na nusu noti juu yake ni 69. Ni kama mpiga besi amelewa akakosea nusu noti, tena kwa nguvu, tena muda wote. Walimu wa kwaya wataelewa nasema nini. Ule ufumaji wa magitaa unageuka uji.

Kwa hiyo mtu wa dansi, rumba, taarab ya kisasa au kwaya anahitaji kile ambacho valvu haikuwa na sifa nacho: nafasi kubwa ya usafi, sauti iende juu bila kupinda. Valvu inaweza kukupa. Fender Twin Reverb, wati 85, iko safi mpaka majirani wahame. Lakini nafasi hiyo kwa valvu inataka valvu nne kubwa na transfoma nzito, na bei inapanda pamoja nazo. Kwa transista inapatikana kwa fedha kidogo. Ukipiga bluzi au roki, ukitaka sauti inayoguna ukikaza mkono na kusafika ukiulegeza, hapo sina ubishi, tafuta valvu, tena ndogo, wati 5 hadi 15, ili ufike kwenye utamu wake bila kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga.

Uzito niupitie haraka, maana watu wanaufanya hoja. Twin Reverb ina kilo 29 hivi. JC-120 ya transista ina 28. Wote mnatafuta mtu wa kuwabebea.

Kinachonipa kazi mimi ni umeme. Marekani wanatumia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Sisi 230 na mizunguko 50. Amplifaya ya Marekani ikichomekwa ukutani huku bila transfoma ya kushusha, kama una bahati fyuzi inakatika. Hata ukizishusha volti, transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya mizunguko 60 peke yake inapata moto zaidi kwenye 50. Kabla ya kutoa fedha, geuza mgongo wa amplifaya usome bamba: limeandikwa 120V 60Hz tu, au 50/60Hz, au lina swichi ya kuchagua volti? Amplifaya nyingi ndogo za kisasa zinakubali chochote kati ya volti 100 na 240 na hazina habari na lolote. Zipo hata za betri. Micro Cube ya Roland inakula betri sita ndogo na kupiga mkesha wa mtaani bila kuulizana na mtu.

Volti zikishuka, transista ya kawaida inapungukiwa nguvu tu. Valvu inabadilika tabia: waya unapoa, mkondo unapungua, sauti inalegea. Mchana wa watu wengi ni tofauti na usiku wa manane, na mpigaji anadhani ameharibu gitaa. Zikipanda, na za jenereta hupanda bila hodi, valvu ndizo zinazochakaa kwanza. Mtu anayepiga kila wiki atabadilisha valvu kubwa kila mwaka au miwili. Leo zinatengenezwa hasa Urusi, Slovakia na China, na mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, mzigo wa Urusi ulikwama kwa muda na bei zikapanda duniani kote. Transista ya akiba naipata mtaa wa pili.

Pia kuna mwiko kwa kila upande. Usiwashe ya valvu bila spika kuchomekwa. Transfoma yake ya kutokea inaweza kuungua ukiwa bado unatafuta waya. Ya transista, usiirundikie spika: mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na kama mgongoni imeandikwa 8, umeshaiuza. Na usifungue ya valvu kwa udadisi. Kapasita zake zinaweza kushika volti 400 ikiwa plagi imechomolewa muda mrefu. Aliyenifundisha kazi alikuwa akipima ndani ya valvu mkono wa kushoto ukiwa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kuvuka kifua, na alinichapa kibao siku aliyoniona nimeutoa.

Yule kijana alirudi Jumatatu na picha ya mita: 196. Nilimpigia hesabu kwenye kipande cha boksi. Waya wa volti 6.3 ungepata 5.4, na bati la volti 450 lingebaki na 383. Ile ya transista ingepoteza kama robo ya wati zake, na waumini wasingejua. Akauliza kama stabilaiza ingesaidia. Ingesaidia, nikamtajia na bei yake, akanyamaza. Jumapili iliyofuata alipima tena, safari hii akiwa amezima feni mbili. Ikasoma 204. Wazee wa kanisa wakamwambia aziwashe.